Mtoto ni wa pande zote mbili

Mdogo wangu mpendwa pamoja na wifi yangu,

Shikamoo zangu zimfikie mama. Majibu ya vipimo vya mtoto na vyenu ninyi wawili nimeyasoma, na daktari wa ngozi ninayefanya naye kazi huku ameyapitia. Ni epidermolisisi bulosa, ugonjwa wa ngozi dhaifu inayochubuka na kutoka malengelenge, aina ya distrofiki, ile inayorithiwa kwa baba na mama.

Naanza na maneno, maana yamenifikia hata huku. Eti wifi alikanyaga nini, eti kwao kuna nini. Yakome. Ugonjwa wa aina hii haumpati mtoto mpaka abebe nakala mbili zenye hitilafu za jeni ya COL7A1, moja ya mama, nyingine ya baba. Baba ni wewe, na mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Huenda nami ninayo nakala moja yenye hitilafu, na inaelekea mama au marehemu baba alikuwa nayo, asijue maisha yake yote, kwa kuwa nakala moja nzima hutosha. Msomee mama hapa kwa sauti. Tena hauambukizi, wanaoogopa kumpakata waambieni hivyo.

Jeni hiyo hutengeneza kolajeni ya aina ya 7, nyuzi zinazoshikiza tabaka la juu la ngozi na la chini. Zikikosekana, msuguano kidogo tu unayaachanisha na maji yanajaa katikati.

Kwa hiyo msimnyanyue kwa makwapa. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya kichwa na shingo. Nguo avae ndani nje, mishono isimkwaruze. Plasta ya kunata isimguse kabisa, hata akitolewa damu. Wahini kusema mkifika kliniki, kwani wauguzi wengi hawajawahi kuuona ugonjwa huu. Lengelenge likiachwa linatanuka: litoboeni upande wa chini kwa sindano mpya, maji yatoke, ila ngozi ya juu msiibandue, inafunika kidonda. Dresingi iwe ya silikoni. Mkikosa, gozi ya hospitali (kitambaa chepesi cha vidonda) iliyopakwa vaselini nyingi. Ikigandia, iloweke kwa maji ya vuguvugu, usivute. Vidole vifungeni kimoja kimoja, kwa sababu vidonda jirani vikipona vidole hushikana.

Wifi, najua kubadilisha bandeji ndiyo saa ngumu kuliko zote. Mwombe daktari dawa ya maumivu ya kumpa kabla, kwa kipimo cha uzito wake. Na kazi hiyo usiachiwe peke yako. Mdogo wangu, nakusema wewe.

Mmeuliza tiba. Ya kuuondoa kabisa haipo, kwa hiyo anayewauzia mafuta ya kuuponya msimpe hela. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha Vyjuvek, jeli ya kudondoshea kidondani, inayoingiza jeni nzima kwa kutumia virusi vya hepesi vilivyobadilishwa visizaliane. Inasaidia vidonda kufunga, lakini bei yake ni kubwa mno, siwezi kuwaahidi. Na siwafichi: akifika ujana, kidonda kisichopona kichunguzwe upesi, maana saratani ya ngozi huwapata wenye aina hii mapema.

Dresingi ninatuma wiki hii. Nipigieni picha za mgongo wake mchana, kwenye mwanga mzuri, daktari anataka kuona pale palipotoa usaha.

Dada yenu