Graveney nao ni mto, msiuache nje ya ramani

Mhariri, salaam.

Ile makala yenu ya mito midogo ya London nimeisoma mara mbili, maana Wandle kuandikwa kwa Kiswahili sio kitu unakutana nacho kila siku, na mimi naishi Tooting mwaka wa saba huu, napita pembeni ya huo mto nikienda kazini. Maelezo mengi mmepatia. Ramani sasa ndo imeniudhi. Mmepiga mstari mmoja wa bluu toka Croydon hadi Thames, umenyooka kama bomba, halafu chini yake mkaandika eti ni mto usio na matawi. Jamani!

Tuanzie juu kabisa. Wandle hauna kichwa kimoja, unavyo viwili. Upande wa Croydon maji yalishazikwa chini ya mji, unayaona pale Wandle Park, na hapo penyewe ni 2012 ndo waliifumua bustani wakautoa tena mto juani, kisha unazama, unaibuka Waddon Ponds, unapita Beddington Park. Kichwa cha pili ni mabwawa ya Carshalton, maji maangavu unahesabu kokoto chini, ila kiangazi kikikaza chemchemi zinalegea inabidi wapampu maji kuyarudisha juu. Vichwa hivi vinakutana jirani na Hackbridge, kwenye kisiwa kidogo cha miti mitupu kinaitwa Wilderness Island. Yaani hapo tu mstari wenu mmoja umeshafeli.

Halafu kuna Bourne, nao maji yake yanaishia Wandle. Huu nakubali kuuchora ni shida kwa sababu miaka mingine haupo kabisa, ni korongo tu linalotoka bonde la Caterham pale mvua za baridi zinapojaza mwamba wa chaki mpaka utapike. Lakini ukija umekuja! Februari 2014 ulishuka Kenley na Purley mpaka ikabidi ile njia ya chini ya waenda kwa miguu pale Purley igeuzwe tangi la kushikia maji, ili kuokoa nyumba na mtambo wa maji ya kunywa. Mto ambao "haupo" ndo huo.

Ila kilichonifanya nikamate simu niandike ni Graveney, tawi lingine la Wandle. Unaanzia maeneo ya Upper Norwood na Thornton Heath ukiitwa Norbury Brook, ukishavuka London Road jina linabadilika unakuwa Graveney, kama bibi harusi vile, kaingia upande huu na jina la baba katokea upande wa pili na jina la mume. Maji ni yale yale. Nyuma ya nyumba za Furzedown na Tooting wameubana kwa zege kushoto, zege kulia, zege chini, na ndo maana watu wanaudharau. Jumapili iliyopita nilisimama darajani kuuangalia, maji kina cha kifundo cha mguu, toroli la supamaketi limelala ubavu, na juu ya toroli kasimama korongo (ndege safari hii, sio mkondo), kaganda anaangalia maji kama mzee anayesubiri basi. Mtoto akamuuliza mama yake mbona ndege yupo kwenye mtaro. Mama akasema twende tumechelewa. Nikatamani kumjibu mimi.

Na huku kuuacha nje sio suala la uzuri wa ramani tu. Makala yenu inashangaa kwamba Wandle ni mtulivu huku juu lakini ukifika chini unaweza kupanda ghafla mvua ikinyesha, mkaishia hapo hapo kwenye kushangaa. Jibu kubwa ni Graveney! Huku juu Wandle unakula chemchemi, mvua iliyoanguka kwenye vilima vya North Downs inanywewa na chaki, inatembea ndani taratibu, inatokea baadaye sana ikiwa imechujwa na imepoa. Graveney hauna chaki ya kuunyonyesha, uko juu ya udongo wa mfinyanzi, na juu ya mfinyanzi kuna lami na mapaa na paving za watu, maji hayana pa kuzama, tone likigonga barabara Streatham haliulizi, linakimbilia kwenye lile zege na kutoka hapo moja kwa moja mpaka Wandle, limebeba na uchafu wote wa barabara. Ndugu wawili tabia mbalimbali. Ukimfuta mmoja kwenye ramani huwezi kumwelewa mwingine.

Sehemu ya vinu mmeiandika vizuri, ugoro uliosagwa Morden Hall, reli ya farasi ya Surrey Iron Railway iliyofunguliwa 1803 kufuata bonde hilo hilo, sina neno. Nilicheka pia kwa Nelson, yule amirali wa Kiingereza, kwamba kijito cha kwenye kiwanja chake Merton kiliitwa Nile kwa ajili ya vita vyake vya Nile, kule Misri, 1798. Ila kwa William Morris, yule mbunifu wa nakshi za vitambaa, mngeongeza kitu kimoja: alipohamishia kiwanda chake Merton Abbey mwaka 1881 vitambaa vyake kadhaa alivipa majina ya mito ambayo maji yake yanaishia Thames, Wandle upo, Evenlode upo, Cray upo. Graveney aliuruka, na yeye! Basi angalau nyinyi msimwige.

Kingine kidogo, Wandsworth haikuitwa hivyo kwa sababu ya mto. Ni kinyume chake, mji ndo ulianza na jina la mto likaja kukatwa kutoka kwenye jina la mji.

Mkiichapa tena hiyo ramani naomba mweke vichwa vyote viwili, Bourne uchoreni hata kwa nukta nukta, na Graveney mwuingize kwa mkono wa kulia kama unashuka na maji, jirani na Wandle Meadow, pale palipokuwa zamani na mtambo wa maji taka. Picha ninazo, nawatumia mkitaka. Mkipenda kuja wenyewe pia karibuni, toroli mtalikuta humo humo.

Msomaji wenu, Tooting, London