Barua ya wazi kwa vijana wa utumishi: msiwafungie watu ndani ya herufi nne

Wanangu,

Nimestaafu, lakini simu yangu haijastaafu. Juzi binti mmoja wa kundi lenu alinipigia: "Shikamoo mama. Kuna msailiwa ambaye fomu inasema ni mtu wa kujitenga, tumpe kweli kazi ya mapokezi?" Nikamuuliza fomu gani. Akanitumia picha: ni ile fomu ya haiba iitwayo Myers-Briggs, yenye herufi nne, kila moja ikimweka mtu upande mmoja wa tabia, na aya mbili za maelezo. Akaongeza kwamba ofisini kwao fomu kama hizo zimejaa kabati zima. Nikaona nikimjibu yeye peke yake, kesho atapiga mwingine.

Herufi hizo zina asili yake. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa Uswisi, alitoa kitabu kilichogawa watu kati ya wanaoelekea ndani ya nafsi zao na wanaoelekea nje. (Ndiye huyohuyo aliyeshuka Mombasa mwaka 1925, akapanda treni hadi Nairobi, akaenda kukaa na watu wa Mlima Elgon akizungumza nao Kiswahili cha kuungaunga.) Huko Marekani mama mmoja, Katharine Briggs, na binti yake Isabel Myers wakayapenda mawazo hayo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili Isabel akaanza kutunga maswali ya kuwasaidia watu kupata kazi zinazowafaa. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Kwa hilo siwadharau, maana hata mimi utumishi nilijifunzia kazini. Tatizo langu ni mkasi. Fomu inakata katikati: aliyepata alama moja juu ya mstari anaitwa wa nje, aliyepungukiwa moja anaitwa wa ndani, na watu wengi wamejazana hapohapo mstarini. Wajazishe tena baada ya wiki chache, wengi watatoka na herufi nyingine. Isitoshe, wenye fomu wenyewe wanakataza isitumike kuchuja waombaji kazi. Hilo wanaowauzieni huwa wanalisahau.

Mtaniambia: mbona kila anayesoma maelezo yake husema "huyu ni mimi kabisa"? Mwaka 1948 Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia huko Marekani, aliwajazisha wanafunzi wake 39 dodoso la haiba, kisha akampa kila mmoja "matokeo yake" na kuwaomba wayape alama kwa jinsi yanavyowaeleza. Wastani ulikuwa 4.26 kwa 5. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, yenye maneno aliyoyatoa kwenye kitabu cha unajimu: unapenda watu wakukubali, tena unajikosoa mno. Nani hayumo humo? Waganga wetu wanaijua kazi hiyo tangu zamani: adui yako ni mtu wa karibu, si mrefu, si mfupi.

Sasa niseme langu. Miaka ya tisini tuliletewa dodoso lililotafsiriwa haraka, nami nilikuwa kwenye jopo la usaili. Kijana mmoja aliulizwa: unapenda kwenda kwenye sherehe? Ndiyo. Unapenda kukaa peke yako? Ndiyo. Kila swali, ndiyo. Tukajumlisha, tukaandika "hana msimamo", tukamwacha. Baadaye ndipo nilipoyafikiria yale maswali. Kijana analala chumba kimoja na ndugu zake watano, kwa nini asitamani kuwa peke yake? Na sherehe je? Umeshatoa mchango wa harusi, utaacha kwenda? Zaidi ya hapo, aliyekuwa anamuuliza ni mimi, mtu mzima mwenye miwani na faili. Kwao kumwambia mkubwa "hapana" ni utovu wa adabu. Hatukupima haiba yake. Tulipima malezi yake, tukamnyima kazi kwa kulelewa vizuri. Mwaka 2019 nikiwa nyumbani nikasoma utafiti uliokusanya majibu ya watu katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati: wakiulizwa ana kwa ana, maswali ya haiba hayakushikamana kama yalivyotarajiwa, na sababu mojawapo ni hiyo tabia ya kuitikia tu.

Wanasaikolojia wenyewe hawakubaki na herufi nne. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakaokota maneno karibu 18,000 ya kumweleza mtu. Wengine wakayachambua kwa miongo, hadi yakabaki mafungu makubwa matano: uchangamfu, upole kwa watu, uangalifu wa kazi, udadisi wa mambo mapya, na wepesi wa kuyumba kihisia. Hii naiheshimu zaidi, kwa kuwa inapima kwa rula, haikati kwa mkasi. Uangalifu hasa huendana na utendaji katika kazi nyingi, ila uhusiano wenyewe ni mdogo, kama 0.2 pale ambapo 1 ni ukamilifu. Hauwezi kumtoa mtu mlangoni.

Halafu kamusi ile ilikuwa ya Kiingereza. Sisi tabia ya mtu tunaiweka mwilini: mkono wa birika, roho ya korosho, moyo mweupe, mdomo usio na breki. Na damu ya kunguni, je, ni tabia ya mwenye damu au ya wanaomchukia? Afrika Kusini walianza upya: waliwaomba watu 1,216, katika lugha 11, wawaeleze watu wanaowafahamu. Yakatoka mafungu tisa, na kadhaa ni ya kuishi na watu: moyo laini, kupatanisha, kuwainua wengine. Fomu zenu zina swali gani la kupatanisha?

Kwa hiyo fanyeni hivi. Wasailiwa wote waulizwe maswali yaleyale, ya mambo waliyoyatenda: tusimulie siku mteja alipokufokea, ulifanyaje? Kila mwanajopo aandike alama zake kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, maana akishasema "huyu kijana safi" usaili umekwisha. Dodoso mkilitaka, liwe limejaribiwa kwa watu wa hapa, na liwape swali la kuuliza, lisiwape jibu.

Yule wa mapokezi mwiteni Jumatatu asubuhi, mkalisheni dawatini saa mbili nzima simu zikilia, muone. Na lile kabati, binti aliniambia halina kufuli. Kuna watu wameandika mle kwamba hulia usiku bila sababu. Nunueni kufuli leo.

Mama yenu, mstaafu.