Shukrani kwa yule bibi wa kitanda cha pembeni
Jamani wana Tanga, namtafuta bibi mmoja alikuwa anamuuguza mjukuu wake wodi ya watoto, alivaa kanga ya bluu, jina sikumuuliza akili haikuwa yangu kabisa. Mwanangu ana miaka 6, alilazwa na malaria kali na ile sindano inachomwa ya kwanza, halafu baada ya masaa 12, halafu 24, sasa kila akimuona nesi anapiga kelele wodi nzima inaamka, na mimi badala ya kumtuliza nalia nae, hata sura yangu ilikuwa inamtisha mtoto.

Bibi akaja akakaa kitandani, hakumwambia "usiogope" kama sisi wote tulivyokuwa tunamwambia, alimwambia, "Mjukuu wangu, ogopa tu, hata Nabii Ayubu aliumwa mpaka akamlalamikia Mungu, haya na wewe mwambie panauma wapi." Mtoto akasema "Mungu, paja linauma na mama analia." We! Nilitoka nje.

Sindano ya tatu alinyoosha mguu mwenyewe huku anasoma Alhamdu, kakosea katikati bibi akamalizia. Sio kwamba hakulia, alilia, ila alikuwa na mtu wa kumwambia.

Asubuhi tukapewa ruhusa, bibi alikuwa kaenda kununua uji. Bibi yangu, kama kuna mtu wa Makorora au Ngamiani anakujua akusomee hii. Shikamoo, na asante sana. Mjukuu wako wa paja anakuombea kila usiku, anakuita "bibi wa Ayubu".