Mguu umefika

Mhina swahiba,

Salamu kwako, mama watoto na wote hapo nyumbani. Miye mzima, ukitoa kile kipande.

Najua nimekaa kimya miezi minne. Mguu wa bandia nimepewa wiki iliyopita. Unabana, unanuka plastiki, na nikiketi unalia kama bawaba kavu. Basi mjomba, kwa kutaka kunitia moyo, kaniletea habari za rubani wa Kiingereza, Douglas Bader. Unamjua mjomba, kila ugonjwa ana mtu wake.

Bader alikatwa miguu yote miwili mwaka 1931. Vita ilipoanza akarudi kurusha ndege za kivita, akapata nishani za DSO na DFC, kila moja mara mbili. Haya. Kilichonichekesha ni Agosti 1941, ndege yake ilipoharibiwa juu ya Ufaransa. Anataka kuruka, mguu wa kulia umenasa ndani. Miye na wewe tungefia pale! Yeye mkanda ukakatika: mguu ukaenda na ndege, mwenyewe akashuka na parachuti. Wajerumani wakauokota kwenye mabaki, wakautengeneza, wakamrudishia. Bwana yule akaunga mashuka, akateremkia dirisha la hospitali, akatoroka. Wakamkamata tena, lakini wapi na wapi. Waingereza nao wakamdondoshea mguu mwingine kwa parachuti. Mguu unakuja peke yake kutoka mawinguni, Mhina!

Ila pale pa 1931 mjomba alipita mbio. Miye ndipo nilipokwama. Vita haikuwapo, adui hakuwapo. Alikuwa akibiringisha ndege karibu na ardhi, kujionyesha tu, bawa likagusa chini. Na aliliandika mwenyewe kwenye daftari lake la safari, kwamba alifanya vibaya.

Watu nimewaambia lori lilinisukuma. Wewe ulishuka Pongwe, ukaniambia "punguza". Nilikuwa nashindana na yule kijana wa pikipiki nyekundu. Lori lilikuwa limeegeshwa.

Mama bado anamlaani dereva kila akimaliza kuswali.

Ulijua? Ndiyo maana hukuja hospitali? Nimwambie mama, au ningoje kwanza nijue kutembea, nipate pa kukimbilia? Na mitumbani Tanga soksi nene za pamba bado zipo? Nitumie jozi tatu. Kigutu kinachubuka, zote sita atavaa huyu huyu mmoja.

Wako,
Kilo