Malalamiko kuhusu gemu yenu ya nyambizi: kila nikiilaza konsoli naamka nimezama

Kwa idara ya huduma kwa wateja,

Salamu kwenu. Naandika kutoka Likoni, Mombasa, na naandika kwa Kiswahili maana kwenye ukurasa wenu mmesema mteja aandike kwa lugha yoyote anayoiweza vizuri. Hii ni barua yangu ya tatu. Zile mbili za kwanza nilijibiwa nizime konsoli niwashe tena, nikafanya hivo, hakuna kilichobadilika, sasa hii naiandika ndefu na kila kitu ndani ili msije mkaniuliza tena vitu ambavyo nishavisema.

Gemu yenu ya nyambizi za Vita vya Pili vya Dunia niliinunua shilingi 3,900 na ile nyongeza ya Bahari ya Hindi shilingi 1,500 juu yake. Nilinunua kwa sababu moja tu, mliweka kile kibandiko cha kijani kinachosema imejaribiwa na inafaa kwa konsoli ya mkononi. Mimi sina kompyuta ya kuchezea gemu, nina konsoli ya mkononi ya skrini ya inchi 7, basi. Nafanya kazi ya ukarani bandarini Kilindini, nahesabu makontena, zamu nyingi ni za usiku, na nafasi yangu ya kucheza ni ile saa moja ya mapumziko kama saa nane usiku, tena kidogo asubuhi nikishavuka feri nikafika nyumbani kabla sijalala. Yaani mimi nacheza vipande vipande. Nabonyeza batani ya pawa konsoli inalala, baadaye naamsha naendelea pale pale. Gemu zangu zingine zote zinafanya hivo bila shida, na hiyo ndo maana ya konsoli ya mkononi, mtu ataibebea nini kama hawezi kuilaza?

Sasa gemu yenu ukiilaza saa yake haisimami. Ukiamsha inaangalia saa ya konsoli, inaona labda masaa 9 yamepita, halafu inayapitisha yote kwa mpigo mmoja kabla hata skrini haijatulia. Kama ulikuwa chini ya maji unakuta betri za nyambizi ziko sufuri, hewa imeisha, watu wote wamekufa. Kama ulikuwa juu ya maji inaendelea kwenda na mwelekeo ule ule hadi igonge kitu. Na kibaya zaidi inajisevu yenyewe hapo hapo, juu ya sevu ya zamani, kwa hivyo huna pa kurudi.

Mimi imenitokea mara tatu ila ya mwisho ndo imeniuma. Nilikuwa na ile nyambizi ndefu ya Wajerumani, ya aina IXD2, mita 87 na ushee, mirija minne ya topido (yale makombora ya kwenda ndani ya maji) omo, yaani mbele, na miwili tezi, yaani nyuma, topido 24 jumla. Nilikuwa nimetoka Penang, kule Malaya, kituo chao walichokuwa wanatumia na Wajapani, nikavuka bahari yote pole pole nikiogopa ndege, mchana chini usiku juu, nikazamisha meli nne, nimebakiwa na topido 7. Masaa 38 ya kucheza. Sio masaa ya gemu, masaa yangu mimi, ya mapumziko ya kazini, karibu miezi mitatu. Nikailaza konsoli saa tisa usiku kwa sababu meli ilikuwa imeanza kushusha na naitwa, asubuhi nafungua nakuta nyambizi imepanda pwani ya Somalia na maandishi yanasema doria yako imekwisha. Ile nyambizi ya Wajerumani ya kweli, U-852, iliyoishia pwani hiyo hiyo Mei 1944 ilipigwa na ndege za Waingereza kwanza ndo ikafika pale. Yangu haikuguswa na mtu. Nilikaa kitandani na ile konsoli mkononi hata usingizi ukaniisha, na nilikuwa sijalala tangu jana yake.

Nimejaribu ili nisiwasingizie. Nimejaribu mara sita na daftari pembeni. Kulala dakika 5 huoni tofauti kubwa. Dakika 20 ukiwa chini ya maji betri inashuka kabisa unaiona. Saa moja na zaidi, kwaheri. Ukiweka pozi kwanza halafu ndo ulaze, ni vile vile. Njia pekee iliyofanya kazi ni kusevu kwa mkono, kutoka kabisa kwenye gemu, halafu kuzima, na kuwasha tena mpaka uingie baharini inachukua dakika 4 na sekunde kadhaa, nimepima. Mtu mwenye mapumziko ya saa moja mnamla dakika hizo kila siku. Na mpaka leo kibandiko cha kijani bado kipo.

Jambo la pili ni maandishi. Kile kitabu cha kutambulisha meli, cha kuangalia urefu wa mlingoti ili upate umbali, kwenye skrini yangu 3 na 8 ni kitu kimoja. Na hili sio la kusema mteja avae miwani, nawaeleza kwa nini. Umbali kwenye periskopu, lile bomba la kuchungulia juu ya maji, unatokana na urefu wa mlingoti, ukikosea mlingoti umekosea umbali kwa kiasi kile kile. Mlingoti wa mita 23 ukiusoma 28, meli iliyo mita 900 utaambiwa iko karibu 1,100. Na topido ya betri inakwenda maili 30 za bahari kwa saa, hizo mita 900 inazimaliza kwa sekunde kama 58, wakati huo meli ya mizigo ya aina ya Liberty inayokwenda maili 11 imeshasogea zaidi ya mita 300. Yaani hesabu nzima inasimama kwenye tarakimu moja ambayo mmeiandika ndogo kuliko mchele. Kwenye setingi kuna sehemu ya kuongeza ukubwa wa herufi, nimeiongeza hadi mwisho, inakuza menyu ya kwanza tu, kitabu kinabaki vile vile na saa ya topido nayo vile vile.

Na stiki. Periskopu kwa stiki haizunguki, inaruka, digrii 3 kwa mara moja hata ukiigusa kidogo vipi. Kwa mita 900 digrii 3 ni karibu mita 47 za meli. Mimi napenda sana kupima mwendo wa meli kwa ile njia ya zamani, unasimamisha uzi wa periskopu, ule mstari wa katikati ya kioo, mbele ya omo, unahesabu sekunde mpaka tezi ipite, unagawanya urefu wa meli. Liberty ni mita 134, ikipita kwa sekunde 24 unajua hiyo ni kama maili 11 kwa saa. Hiyo raha jamani, ile sekunde ya kungoja, umeshika pumzi kabisa na uko kwenye kiti cha plastiki bandarini. Gemu yenu ndo ilinifundisha hesabu hiyo na nawashukuru, sijawahi kucheza kitu kinachomwamini mchezaji namna hii. Lakini uzi hausimami pale ninapotaka, unaruka kabla au baada, basi natupa topido kwa kubahatisha.

Msije mkadhani nalalamika kwa sababu napoteza. Kupoteza sijali. Topido zenu zikifeli kwa bahati mbaya mwaka 1940 mimi nafurahi kabisa, maana ndo ilivyokuwa, Aprili mwaka huo kule Norway topido za Wajerumani zilifeli ovyo, nyingine zinakwenda chini sana, nyingine zinalipuka kabla, hata nahodha wao Günther Prien ambaye miezi sita nyuma aliingia Scapa Flow, kituo cha manowari za Waingereza, akaizamisha manowari Royal Oak, Norway alifyatulia meli zilizosimama kabisa hakupata kitu. Nikifeli hivo nakubali, nimefeli kama walivyofeli wao. Kufeli kwa sababu ya stiki na herufi ndogo hiyo haimo kwenye historia yoyote.

Sasa nakuja kwenye ile nyongeza ya Bahari ya Hindi ambayo nililipia mbali, na hapa naomba msome taratibu.

Kwanza Kilindini. Mmeiweka upande wa Fort Jesus. Pale ni Bandari ya Kale, ya majahazi. Kilindini iko upande wa pili wa kisiwa, mlango wake unapita kati ya kisiwa na huku kwetu Likoni, mimi naukata huo mlango kwa feri kila siku. Na mmeipa kina cha mita 8. Jina lenyewe linatokana na kilindi, yaani maji marefu, waliopaita hivyo walikuwa wanajua wanachosema. Mwaka 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo, kikosi cha mashariki cha Waingereza kilihamia hapa, manowari kubwa kama Warspite zilitia nanga Kilindini, na Warspite peke yake inataka maji ya mita 9 na zaidi. Kwenye gemu yenu zingekaa wapi? Mtu anayenunua ramani ya bahari ya kwao anatafuta kwao kwanza, mimi nilifanya hivyo siku ya kwanza, nikakuta sipo.

La pili ni zito zaidi. Mna misheni ya tarehe 12 Februari 1944, mchezaji anapewa nyambizi ya Kijapani I-27, anaambiwa avizie msafara KR 8 karibu na Maldives, na shabaha ni meli ya abiria Khedive Ismail. Maelezo yenu yanasema "meli ya wanajeshi wa Uingereza", basi, halafu alama utakazopata. Mimi nilikuwa siijui meli hiyo. Niliizamisha mara ya kwanza kama ninavyozamisha zingine, halafu nikaenda kusoma, maana mimi nikimaliza misheni hupenda kujua ilikuwaje kweli. Kumbe msafara ule ulitoka hapa hapa Kilindini ukielekea Colombo. Na ndani ya Khedive Ismail wengi hawakuwa Waingereza. Karibu watu 1,000 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301. Watu wetu. Na walikuwemo wanawake, wengi wao manesi. Ilipigwa topido mbili ikazama kwa kama dakika mbili, wakafa karibu 1,300. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zikaanza kuiwinda I-27, na mabomu ya kina, yale ya kulipuka chini ya maji, yalitupwa pale pale waliponusurika walikuwa wanaogelea, na mwisho nyambizi nayo ikazamishwa.

Mimi siku hizo nilikuwa nakula chakula changu cha usiku kwenye gati la bandari hiyo hiyo. Sijaweza kuicheza tena misheni ile, na sisemi muitoe. Sitaki muitoe. Bila gemu yenu nisingejua, nimefanya kazi hapa miaka 6 na hakuna aliyewahi kunitajia meli hiyo. Ninachotaka ni muandike walikuwa kina nani. Sentensi mbili zinatosha, kwenye ukurasa wa maelezo kabla mtu hajabonyeza kuanza, kwamba walikuwemo askari wa Afrika Mashariki, walitoka Mombasa, na wangapi walikufa. Nafasi mnayo, hapo pembeni mmejaza picha ya medali.

Basi ninayoomba ni haya. Rekebisheni kulala, hilo la kwanza kabla ya yote, saa ya gemu isimame konsoli ikilala na isijisevu mpaka mchezaji ameona kilichotokea. Mpaka mtakapolirekebisha, kile kibandiko cha kijani mkitoe, kuna watu wengine kama mimi wananunua kwa ajili yake na pesa wanazitafuta kwa jasho. Herufi za kitabu cha meli zikubali kukuzwa, na stiki mtupe namna ya kupunguza kasi yake hadi nusu digrii, hata kwa kushika triga pamoja. Kilindini mhamishe. Khedive Ismail mrekebishe maandishi.

Na pesa. Zile 3,900 sidai, gemu ni nzuri na nataka iendelee kuwa yangu. Nadai 1,500 za nyongeza, kwa sababu ndani ya nyongeza hiyo ndo doria yangu imepotea na ndani yake ndo makosa haya mawili yamo. Kama mna uwezo wa kuirudisha ile sevu yangu kutoka kwenye seva zenu, ya siku moja kabla, ile niko juu ya maji maili kama 200 mashariki ya Socotra na topido 7, basi nirudishieni hiyo na hizo 1,500 mkae nazo. Ningependa zaidi hiyo.

Nimeambatisha video mbili za konsoli ikiamka, picha ya kurasa za daftari yenye zile majaribio sita, na picha niliyopiga kutoka kwenye feri inayoonyesha mlango wa Kilindini ulipo. Namba ya malalamiko ya zile barua mbili za kwanza iko juu kwenye kichwa cha imeili. Tafadhali asijibu yule wa zima-washa, ajibu mtu aliyewahi kuicheza gemu hii kwenye konsoli ya mkononi.

Mteja wenu,
Likoni, Mombasa