Chapa ya Chini Tunaisoma Mwisho

Wateja wengi hututumia picha moja tu: chapa ya buluu iliyo chini ya kibakuli cha chai, na swali, "Hiki ni cha mwaka gani?" Picha hiyo peke yake haitoshi. Wafinyanzi wa Jingdezhen, China, zama za mfalme Kangxi (1662–1722), walizoea kuandika jina la Chenghua, aliyetawala 1465 hadi 1487, kwa kuwaenzi wa kale. Wa karne ya 19 nao wakaandika la Kangxi.

Sisi huanzia kwenye pete ya kikalio, pale kibakuli kinapogusa meza. Hapo hapana glezi, ule utando wa kioo unaofunika chombo; udongo uko wazi. Kwenye kaure nyingi za Kichina za karne ya 18, glezi inapokomea pana mstari mwembamba wa rangi ya kutu, uliotokana na chuma kilichomo kwenye udongo. Wanaoghushi huupaka kwa brashi, na mara nyingi hujisaliti kwa unadhifu: mstari wao umelingana mno. Mikwaruzo ni vivyo hivyo. Ya matumizi huelekea kila upande, mingine mirefu, mingine haionekani ila kwa lenzi. Ya msasa imepangana kama nywele zilizochanwa.

Halafu rangi. Waridi itokanayo na dhahabu ilianza kupakwa juu ya kaure za China miaka ya 1720. Basi kibakuli chenye maua ya waridi hiyo na jina la Chenghua chini yake kimeshajibu swali chenyewe. Neno "CHINA" kwa herufi za Kirumi kwa kawaida ni la baada ya 1891, sheria ya Marekani ilipotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka.

Kibakuli kukosa mkono wa kushikia si ushahidi kwamba ni cha Uchina. Worcester, Uingereza, kiwanda kilichoanza 1751, nacho kilitengeneza vibakuli vya namna hii.

Ukitaka tukikague, tupigie picha ya nje, ya ndani, na ya kikalio kwa karibu, kwenye mwanga wa dirishani. Usikisugue. Na tafadhali usibandue kikaratasi chochote kilichogandishwa chini, hata kikiwa kimechakaa: hicho chaweza kueleza kilikotoka. Shehena ya kaure za China ya meli ya Kiholanzi Geldermalsen, iliyozama 1752, ilinadiwa Amsterdam mwaka 1986, na vibakuli vyake vingi bado vina kibandiko cha mnada ule.