Mheshimiwa Mkurugenzi, kufika Mirihi sio kuhamia

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu

Mheshimiwa, salamu zikufikie huko Vienna.

Nakuandikia kwa sababu kila siku nasikia watu wakiahidiwa makazi Mirihi kana kwamba kazi iliyobaki ni roketi tu. Mimi roketi hainisumbui, itafika. Kinachoninyima usingizi ni maisha baada ya kufika.

Chukua ile nyumba ya vioo ya Arizona, Biosphere 2. Mwaka 1991 watu 8 walijifungia mle na mashamba yao, wakae miaka miwili wakijitegemea kwa kila kitu mpaka hewa. Ndani ya miezi 16 oksijeni ikashuka toka karibu asilimia 21 hadi kama 14.5, watu wakawa wanachoka hovyo, mpaka ikabidi waingiziwe oksijeni toka nje. Na unajua ilipotelea wapi? Vijidudu vya kwenye udongo vilikuwa vinaitumia na kutoa hewa ya ukaa, halafu hewa hiyo ikanyonywa na zege la jengo kabla mimea haijaifaidi. Zege jamani! Nani angewaza zege? Na hao walikuwa hapahapa duniani, msaada uko mlangoni, wakati Mirihi nafasi nzuri ya kurusha chombo inakuja kila baada ya miezi 26 hivi na safari yenyewe ni miezi kama 7, sasa oksijeni ikianza kupungua utamwita nani?

Najua kituo cha kimataifa cha anga za juu kina watu tangu Novemba 2000, naiheshimu sana kazi ile, ila kipo kilomita kama 400 tu juu yetu na chakula kinapelekwa toka huku. Kile kimashine cha majaribio cha NASA kiitwacho MOXIE nacho kilitengeneza oksijeni Mirihi kwelikweli, nilifurahi mno, lakini jumla yote ni gramu 122, na mtu mmoja kwa siku anahitaji kama 840.

Halafu watoto. Nguvu ya mvutano ya Mirihi, ile inayotuvuta chini, ni asilimia 38 ya yetu na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kutungwa mimba wala kukua kwenye hali hiyo. Mtu mzima anakubali hatari yake mwenyewe, sawa, huyo mtoto kamuuliza nani?

Mkataba wa anga za juu wa 1967, ibara ya 6, unasema nchi ndiyo inayowajibika hata kwa shughuli za kampuni binafsi, lazima izipe kibali na kuzisimamia. Basi naomba mpeleke hoja kwa nchi wanachama: kibali cha makazi ya kudumu kisitoke mpaka nyumba iliyofungwa iendeshwe hapa duniani miaka miwili mfululizo bila kuongezewa hewa, na mpaka wanyama wazaliane vizazi kadhaa kwenye mvutano kama ule wa Mirihi. Na kama hili tayari liko mezani kwenye kamati yenu, tuambieni limefikia wapi.